Mlipaji ni Mpelekewa

Watu wa Masisi na Walikale, katika Kivu ya Kaskazini ya Kongo, husema kwa yakini, kwa kuwa wameyalipia maneno yao kwa fedha zao wenyewe, ya kwamba kuandikiana kwa mega, yaani kwa data ya intaneti, ni ghali. Na mafundi wa mitambo husema kwa yakini ile ile, wakiwa na vitabu vya hesabu mbele yao, ya kwamba tangu mwanadamu ajue kuandika haijapata kutokea njia ya kupeleka maneno iliyo rahisi kuliko hiyo. Kauli hizi mbili zaonekana kupingana, na aghalabu wenye kauli ya pili huwadhania wenye kauli ya kwanza kuwa ni watu wasiojua hesabu. Mimi, ambaye kazi yangu katika safu hii ni kupima bei za mawasiliano, nashikilia rai ya kwamba mkulima wa Nyabiondo na mchimbaji wa Mubi wanajua hesabu kuliko wanavyodhaniwa, na kwamba kinachowauma si bei ya maneno, maana maneno hayana uzito wa kutajika. Kinachowauma ni gharama iliyohamishwa kimyakimya: kwanza ikatoka kwa mtumaji ikamwangukia mpelekewa, na pili ikatoka kwenye kiasi cha kitu kinachotumiwa ikafungwa kwenye saa za kukitumia. Mjini, penye umeme na minara iliyosongamana, mtu aweza kuishi miaka asiutambue uhamisho huo. Katika milima ya Masisi na misitu ya Walikale hautambuliki tu, hulipiwa kila siku.

Tuanze na uzito, kwa sababu bila ya kuujua uzito wa kitu hakuna awezaye kuhukumu bei yake. Wahandisi wa Ulaya walipokuwa wakiutengeneza mfumo wa GSM katika miaka ya 1980 waliona ya kuwa ile njia nyembamba ambayo simu na mnara huitumia kuitana na kujibizana, mnara ukiuliza simu iko wapi na simu ikijibu ipo hapa, hukaa bure kwa sehemu kubwa ya siku, wakaona si hasara kuipenyezea maneno machache. Nafasi waliyoipata ilikuwa baiti 140, na kwa kuwa katika mpango wao herufi moja ya Kilatini huhitaji biti 7 badala ya 8, baiti hizo zikatosha herufi 160. Ujumbe wa kwanza wa namna hiyo ulipelekwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, katika mtandao wa Vodafone, na mhandisi kijana Neil Papworth, nao ulikuwa salamu ya Krismasi. Hivyo SMS ilizaliwa kama abiria aliyepanda chombo kilichokwisha kulipiwa nauli, na kampuni zilipoanza kumtoza abiria huyo zilikuwa zikiuza kitu ambacho kwao kiligharimu karibu na sifuri.

Pima sasa thamani yake. Mega moja ni baiti 1,000,000, na ndani yake zaweza kuingia SMS zaidi ya 7,000 zilizojaa herufi zote 160. Hata SMS moja ikiuzwa kwa senti moja tu ya dola, mega moja ya SMS ingemfikisha mnunuzi kwenye dola 70 na ushei, bei ambayo hakuna mtu timamu angeitoa kwa mega moja ya intaneti. Ujumbe uendao kwa data, kwa upande wake, hausafiri uchi: hubeba anwani za seva, kufuli za siri zinazouficha usisomwe njiani, na zile risiti ndogo zinazomrudia mtumaji kumwarifu ya kuwa umefika na umesomwa, hata maneno ya baiti 100 yakageuka mzigo ulio mkubwa mara kadhaa kuliko maneno yenyewe. Tuukadirie kwa ukarimu uwe kilobaiti 2. Basi mega moja yatosha kupeleka jumbe 500, nazo ni nyingi kuliko barua ambazo babu zetu wengi waliandika katika umri wao wote. Kwa hiyo asemaye kuwa kuandika habari ya msiba au bei ya maharage kwa mega ni ghali kuliko SMS hakukosea kwa sababu ya ujinga. Ameona inite zake, yaani salio la simu yake, zimekwisha, akayashuku maneno, ilhali maneno ndiyo yasiyo na hatia katika kesi hii.

Mwenye hatia wa kwanza ni kanuni ambayo haikutangazwa na mtu yeyote. Katika simu ya sauti na katika SMS, kwa desturi iliyoenea Kongo na karibu Afrika yote, anayepiga au anayeandika ndiye anayelipa, na anayepokea hupokea bure. Kwa sababu hiyo mjane asiye na inite hata moja aweza kukaa na simu yake ya tochi mwezi mzima akiwasikia wanawe walioko Goma. Katika data kanuni hiyo imevunjika. Kila baiti inayotoka katika simu ya mtumaji humtoka yeye katika mega zake, na baiti ile ile inapoingia katika simu ya mpelekewa hutoka tena katika mega za mpelekewa, pasipo kuulizwa kama ana uwezo, kama ana haja nayo, au kama amekwisha kuipata kutoka katika makundi mengine matatu.

Wazee wa posta wangeitambua hali hii. Katika Uingereza kabla ya mwaka 1840 barua ililipiwa aghalabu na yule aliyepelekewa, kwa kadiri ya umbali na idadi ya karatasi, na matokeo yake ni kwamba maskini walizikataa barua mlangoni, na wajanja walikubaliana alama za kuchora juu ya barua ili ndugu aitazame, aelewe ya kuwa wote ni wazima, kisha airudishe kwa tarishi bila ya kulipa kitu, kama vile vijana wetu wanavyobip. Rowland Hill, katika kitabu chake kidogo cha mwaka 1837, alitoa hoja ya kwamba gharama kubwa ya posta haikuwa katika kuibeba barua barabarani, kwani hiyo ilikuwa ndogo mno, bali katika taratibu za kumdai mpelekewa. Na serikali ilipoikubali hoja yake, ikaweka bei moja ya peni moja alipayo mtumaji, barua za nchi ile zilizidi maradufu katika mwaka mmoja. Sisi katika zama za setilaiti tumerudishwa kwenye mlango ule ule wa kabla ya 1840, ila kwa tofauti moja mbaya: mpelekewa wa zamani aliweza kuikataa barua kabla ya kuilipia, na wa leo huijua baada ya kuwa mega zimekwisha kwenda.

Dhuluma hii, na sioni jina jingine la kuipa, haigawanyiki kwa usawa. Kijana aliyeko Kampala, Nairobi au Brussels, aliyeketi katika nyumba yenye Wi-Fi isiyohesabu, humpelekea shangazi yake aliyeko Masisi-centre video ya arusi ya dakika tatu. Kwake yeye video hiyo haina bei, na kwa shangazi ni mega kumi au zaidi, ambazo kwa kipimo tulichokwisha kukiweka zingemtosha kuandika na kupokea jumbe 5,000. Mwenye mega rahisi ndiye mwingi wa kutuma, na mwenye mega ghali ndiye mwingi wa kupokea. Sauti nayo ina uzito wake: dakika moja ya ujumbe wa sauti huchukua kilobaiti 100 hadi 200, yaani kama jumbe 50 au 100 za maandishi, na ni desturi yetu sisi watu wa Kiswahili kwamba salamu peke yake haiishi katika dakika moja. Silaumu salamu. Nalaumu ukimya wa programu isiyomwonyesha mtumaji kwamba kidole chake kinapobonyeza kinachota katika mkoba wa mtu mwingine.

Na katika pande zetu kuna mzigo mmoja ambao wageni hawaujui, nao ni komunike. Kila mamlaka, tangu chefferie, yaani utawala wa machifu, hadi shirika la misaada, tangu parokia hadi kooperativi ya wachimbaji, hutoa tangazo lake katika karatasi yenye muhuri na saini, kisha karatasi hupigwa picha au hugeuzwa faili, na faili hutembea kundi kwa kundi. Ukurasa mmoja wenye herufi 2,000, kama ungeandikwa kwa vidole, ungekuwa kilobaiti 2. Ukiwa picha iliyobanwa huwa 150 au 200. Na ukiwa faili la karatasi iliyotiwa katika skana hufika mega nzima au mbili. Muhuri huo basi huweza kumgharimu msomaji mara elfu ya maneno aliyoyahitaji. Najua sababu yake, wala si ya kudharauliwa, kwa maana katika nchi ya vita uvumi huvaa nguo za habari, na watu wanataka kuona saini kabla ya kuchukua godoro na kuhama. Lakini habari ya hatari yafaa iandikwe kwanza kwa maneno matupu, na picha ya muhuri ibandikwe ukutani au ipelekwe kwa waiombao.

Sasa tuende kwa mwenye hatia wa pili, yaani muda. Mega zetu nyingi huuzwa zikiwa na ukomo wake: za saa moja, za siku, za wiki, na kadiri zilivyo rahisi ndivyo maisha yake yalivyo mafupi. Muuzaji hukwambia bei ya mega moja, na kwa bei hiyo kifurushi cha siku huonekana kuwa ni neema. Lakini bei ya haki ni ile ya mega iliyotumika. Mtu akinunua mega 100 za saa 24, akatumia 8, nyingine 92 zikafa usiku wa manane, amelipa kila mega aliyoitumia zaidi ya mara 12 ya bei iliyoandikwa. Mjini atazimaliza, kwa kuwa rezo, yaani mtandao, ipo mchana na usiku. Mlimani mambo ni mengine: kuna vijiji kati ya Mushaki na Matanda, na vingine vingi upande wa Pinga na Ntoto, ambako mtu hupanda hadi kilele kinachojulikana ndipo apate mawimbi, kuna minara inayoishi kwa dizeli au jua na kulala vinapokosekana, na kuna mvua, na kuna betri ya simu iliyochajiwa kwa malipo katika kibanda cha sola, ambayo huisha upesi zaidi pale mawimbi yalipo dhaifu, kwa sababu simu iliyo mbali na mnara hulazimika kuongeza nguvu ili isikike. Mtu wa namna hii apata saa mbili za rezo katika saa 24 alizozilipia. Zile 22 ameinunulia kampuni mega ambazo itamwuzia mwingine.

Udhaifu wa mawimbi huongeza hasara nyingine ambayo wengi huiita wizi, nami napenda tuipambanue, kwani tuhuma isiyo sahihi humsaidia mtuhumiwa. Vipande vya data vinapoharibika hewani, simu na mnara hurudiana wenyewe kwa wenyewe, na marudio hayo hayamo katika hesabu ya mega, kwa sababu kaunta ya kampuni haiko mnarani. Iko ndani kabisa, katika lango ambalo mtandao wake huungana na intaneti. Lakini rezo ikikatika kwa muda, seva iliyoko mbali huona haikujibiwa, ikakituma tena kile kile ilichokwisha kukituma. Nacho hupita langoni mara ya pili na huhesabiwa mara ya pili, ijapokuwa cha kwanza hakikumfikia mwenyewe. Kampuni haikuiba. Imehesabu kilichopita mlangoni pake, na mteja amelipia kilichopotea bondeni. Ama kuhusu mega zinazokwisha ilhali mtu hakugusa simu, hapo aghalabu mla ni simu yenyewe: programu zinajisasisha, picha zinajihifadhi katika seva za ng'ambo, na WhatsApp, isipoamriwa vinginevyo, hupakua picha zote zinazoingia hata mwenyewe asipozifungua.

Yafuata hapo dhana nyingine, ya kwamba kuizima data baada ya kuandika ndiyo dawa. Ni dawa ya nusu. Huzuia simu kujisasisha, na hiyo ni faida. Walakini jumbe ulizotumiwa hazifutwi kwa kuzima kwako, maana seva ya WhatsApp huweka kisichopokewa kwa siku 30, na siku utakapopanda kilele na kuiwasha data, makundi yote yatakumiminikia kwa pamoja, na ujumbe mmoja ulioungoja wa kwamba mtoto amefika salama utasubiri zamu yake nyuma ya vichekesho vya wiki nzima.

Wako pia wanaosema, basi turudi kwenye SMS tupumzike, kwa kuwa haina hila na haizimwi. Kwamba haina hila ni kweli kwa kiasi fulani. Kwamba haizimwi si kweli. Baada ya uchaguzi wa tarehe 28 Novemba 2011 serikali iliamuru SMS zisimamishwe nchini kote, zikasimama kwa wiki kadhaa za Desemba, na waliolalamika kwa haki kuliko wote walikuwa viziwi, ambao hawakuwa na njia nyingine ya kusema kwa simu. Na tangu tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi mwingine, intaneti ilikatwa kwa karibu wiki tatu. Hakuna chombo kati ya hivi viwili kilicho na dhamana dhidi ya mkono wa dola. Hila nayo ipo, ila imejificha katika herufi. Zile herufi 160 ni za jedwali maalumu la GSM: é na è na à zimo, ê na ô hazimo, akiandika mtu neno la Kifaransa lenye ê moja, au akiweka kijisura cha kucheka, ujumbe wote hugeuzwa uwe wa mfumo mwingine ambao nafasi yake ni herufi 70 tu, na akizidisha hapo analipa SMS ya pili. Kiswahili kina bahati, kwa kuwa herufi zake zote ni za kawaida. Hatari yake ni moja tu, kile kikoma cha juu katika ng', ambacho simu za kisasa hupenda kukipinda, na kikipindwa nacho hutoka nje ya jedwali.

Insafu hunilazimu niseme pia upande wa kampuni. Walikale ni eneo la kilomita za mraba zaidi ya 23,000, kubwa kuliko maeneo yote ya Kivu ya Kaskazini, na sehemu yake kubwa ni msitu na maji ya Lowa. Masisi ni ndogo mara kadhaa, lakini milima yake imekunjamana hata mnara mmoja huona mteremko mmoja na kuupa mgongo wa pili. Dizeli hufika kwa barabara inayopita vizuizi vingi, au haifiki. Data ya mnara wa mbali hupanda kwenye setilaiti, na setilaiti hukodishwa kwa dola. Ndiyo maana minara imefuata madini: kwanza Rubaya kwenye koltani, na Mubi na Njingala karibu na kasiteriti ya Bisie, ndipo baadaye, kama ikitokea, vijiji vyenye viazi na maziwa. Vita vimeongeza juu ya hayo. Waasi wa M23 waliingia Rubaya mwisho wa Aprili 2024, Masisi-centre Januari 2025, na Walikale-centre Machi mwaka huo huo, kabla ya kuiacha tena mapema Aprili. Na katika kila mabadiliko ya mkono, mtu wa kwanza kukosa njia ni fundi mwenye pipa la dizeli. Tena kuna serikali, ambayo hutoza kodi ya ongezeko la thamani ya 16%, na juu yake ushuru mwingine wa mawasiliano, na ambayo tangu mwaka 2020 hadi 2022 ilikata katika inite za watu ada ya sajili ya simu iitwayo RAM, dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G na dola 7 kwa simu ya 3G au 4G, kana kwamba kumiliki simu inayoweza kupeleka maneno kwa bei rahisi lilikuwa ni anasa ya kuadhibiwa.

Na kuna faranga. Hesabu ya inite tuliyoizoea imefungamana na senti ya dola, inite 100 kwa dola moja, ilhali mwalimu wa shule hulipwa kwa faranga, akilipwa. Mwanzoni mwa mwaka 2016 dola moja ilipatikana kwa faranga kama 930. Mwaka 2024 ilitaka kama 2,800. Kwa mwenye mshahara wa faranga, bei ya inite ilipanda mara tatu bila ya kampuni kubadili hata tarakimu moja katika bango lake. Umoja wa Mataifa, kupitia tume yake ya intaneti, uliweka lengo kwamba ifikapo 2025 intaneti ya kiwango cha chini isizidi 2% ya wastani wa pato la mwezi la mtu mmoja. Kongo iko baidi mno na kipimo hicho, na ndani ya Kongo Walikale iko baidi na Kinshasa.

Ikiwa haya ndiyo maradhi, dawa nazo hazifanani, na ya kwanza i mikononi mwetu wenyewe. Katika simu iamriwe kwamba picha, sauti na video zisijipakue ila kwa Wi-Fi, hifadhi ya nje izimwe, na ile mipangilio ya kubana data iwashwe. Ni kazi ya dakika chache, na kijana yeyote aweza kumfanyia mzee wake. Katika ukoo yafaa kuwe na mapatano ya wazi, ya kwamba aliye na Wi-Fi huandika kwa herufi kwanza, na akitaka kutuma video huomba ruhusa au hutanguliza mega zake. Mjomba aliyeko Ulaya apelekaye video kumi kwa wiki bila ya kupeleka inite hakupeleka zawadi, amepeleka ankra. Katika makundi ya parokia, shule na kooperativi, wasimamizi watenge kundi moja la maandishi matupu ambamo wao peke yao ndio waandikao, na habari zake zisizidi aya moja. Na yale yaliyo ya umma mzima, kama njia iliyofungwa au chanjo iliyofika, yatangazwe redioni, ambako asikilizaye halipi kitu. Radio Okapi imekuwa hewani tangu Februari 2002, na redio ndogo za maeneo yetu zafika katika mabonde ambayo data haitafika karibuni.

Mashirika ya misaada nayataja peke yake, kwa sababu yana uwezo na yana wajibu. Shirika linaloandikisha waliohama, likawataka wajibu maswali kwa simu au wapakue fomu, linawatoza waliopoteza nyumba gharama ya takwimu zake. Iko njia inayojulikana na kampuni zote, ya kuifanya data ya huduma fulani ilipwe na mwenye huduma badala ya mteja, kama namba za simu za bure zilivyo. Na isipowezekana, iko USSD, ile ya nyota na alama ya reli, ambayo haili mega na hufanya kazi katika simu ya tochi. Tangu mabenki ya Goma yafungwe mwishoni mwa Januari 2025, ni kwa njia hiyo ya menyu fupi, na kwa SMS za uthibitisho, kwamba M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zimekuwa zikipitisha fedha za familia nyingi. Njia iliyotosha kupitisha fedha yatosha kupitisha ndiyo na hapana.

Kwa upande wa kampuni, dai la haki ni moja, nalo si kupunguza bei: ni kuuza mega zisizokufa, hata ikiwa kwa bei ya juu kidogo kwa kila mega, na kuziuza kwa vipande vidogo sana, mega 5 au 10, vinavyomfaa mtu wa kuandika. Hoja ya kampuni ni kwamba muda wa mwisho husaidia kupanga nguvu za mitambo. Ina ukweli wake Kinshasa saa mbili usiku, wakati kila mtu anatazama video. Mnara wa mlimani unaobeba jumbe za maneno haushindwi na jumbe hizo zikija leo au mwezi ujao. Wala hili si jambo jipya: Kenya, Safaricom ilianza kuuza data isiyo na muda wa mwisho Oktoba 2019, baada ya kushtakiwa kwa ajili ya muda huo, na Afrika Kusini, kanuni zilizoanza kazi mwaka ule ule zilizilazimisha kampuni kumruhusu mteja kuhamishia mbele data iliyobaki, na kutomtoza nje ya kifurushi bila ya idhini yake. Baadhi ya watu hupendekeza kwamba WhatsApp peke yake ifanywe bure. Siafiki, kwani humfunga maskini katika nyumba ya kampuni moja ya Marekani, na video hupita katika mlango ule ule ulio bure. Afadhali kila laini ipewe mega chache za bure kila siku, kwa programu yoyote aipendayo mwenyewe.

Ama ARPTC, ambayo ndiyo mwangalizi wa kampuni hizi, haina udhuru wa kusema kwamba mkono wake haufiki mashariki, kwa maana hata pale ambapo utawala wa eneo umebadilika, leseni za Vodacom, Airtel na Orange ni za Kinshasa, na kanuni ya mega zisizokufa yaweza kuandikwa katika ofisi bila ya mtu kupanda gari kwenda Sake. Sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 imeuweka pia Mfuko wa Maendeleo ya Huduma kwa Wote, uchangiwao ili kufikisha mawasiliano mahali ambapo faida ya biashara haiendi yenyewe. Mfuko wa namna hii hushawishika kuhesabu minara iliyosimamishwa, kwa kuwa mnara hupigwa picha siku ya uzinduzi. Ningependa uhesabu saa ambazo kila mnara ulikuwa hai, utangaze saa hizo kila mwezi kwa kila mtaa, na ulipe ruzuku kwa saa hizo, ili kampuni ione faida katika kubadili betri ya Pinga kabla haijafa. Na mahali ambapo mnara ulilala nusu ya mwezi, mwenye kifurushi cha siku aliyekuwa chini yake arudishiwe mega zake, jambo ambalo ni jepesi kwa mitambo iliyopo, kwani ile ile kaunta inayojua zilikwisha saa ngapi inajua pia kwamba hapakuwa na mnara wa kuzitumia.